Oksijeni ikipungua, moyo wa mzee hauitiki kama wa kijana

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini watu wawili wanapungukiwa oksijeni kwa kiwango kilekile, kisha mmoja anainuka na mwingine moyo unamlemea? Majina ya waandishi tumeyahifadhi. Majibu ni ya madaktari na wauguzi wa moyo na mapafu wanaoandaa safu hii.

Mimi na mjomba tuliugua pamoja

Swali: Shikamoo daktari. Mimi nina miaka 26, mjomba wangu ana 71 na presha ya muda mrefu. Tulilazwa wiki moja, wote nimonia, na siku ya kwanza mashine ya kidoleni ilisoma 80 kwa kila mmoja wetu. Mimi nilitoka siku ya tano. Mjomba aliambiwa kipimo cha damu kinaonyesha moyo umeumia, ingawa hakuwahi kulalamika kifua. Namba ilikuwa moja, mbona madhara tofauti? (Chikongola, Mtwara)

Jibu: Marahaba. Namba ya kidoleni inakwambia damu imejaa oksijeni kwa asilimia ngapi. Haikwambii damu hiyo inafika moyoni kwa wingi gani, na tofauti yenu ilikuwa hapo.

Msuli wa paja ukiwa umetulia huchukua takriban robo ya oksijeni inayopita kwenye damu yake, hivyo hali ikiwa mbaya una akiba ya kuvuta. Moyo hauna akiba hiyo. Hata mtu akiwa amelala, moyo unachukua asilimia 70 hadi 75 ya oksijeni inayoletwa na mishipa yake, ile inayoitwa mishipa ya koronari. Oksijeni ikipungua, moyo hauna njia kubwa ya kujiokoa isipokuwa moja: mishipa hiyo itanuke na kupitisha damu nyingi zaidi.

Tupige hesabu ya mfano. Damu yenye hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, gramu 15 katika kila mililita 100 hubeba humo karibu mililita 20 za oksijeni, mashine ikisoma 98. Mishipa ya moyo wa mtu mzima aliyetulia hupitisha kama mililita 250 za damu kwa dakika, kwa hiyo oksijeni inayofika ni mililita 50, na moyo unatumia 35. Mashine iliposhuka hadi 80, kila mililita 100 za damu yako zilibaki na oksijeni mililita 16 tu. Papo hapo homa na kuhema vimepandisha mapigo kutoka 70 hadi 105, kazi ya moyo imeongezeka kwa nusu, na zile 35 zimekuwa 52. Hata moyo ukivuta asilimia 75 ya kilicholetwa, sasa unadai damu mililita 440 hivi kwa dakika. Kijana mzima anaweza kuongeza damu ya moyo mara 4, yaani mpaka 1,000. Ulikuwa hujafika hata nusu ya uwezo wako.

Sasa mjomba. Moyo uliozoea kusukuma dhidi ya presha unakula zaidi hata ukiwa umetulia, tuseme mililita 42 badala ya 35. Ongeza nusu kwa ajili ya homa: 63. Damu anayodaiwa imefika 525. Kama hemoglobini yake ni 11, jambo la kawaida kwa wazee wetu, deni linapanda mpaka karibu 710. Na kama mshipa mmoja una utando wa mafuta, uwezo wa kuongeza damu ukabaki mara 2 tu ya mililita 300 anazotumia akiwa ametulia, mwisho wake ni 600. Hapo sehemu ya msuli imekaa na njaa. Ya kwanza kuumia ni tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo, kwa sababu ndilo linalobanwa zaidi kila moyo unapojikunja. Kipimo alichofanyiwa huenda ni troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia.

Kwa nini umri unapunguza uwezo wa kutanuka? Ngozi laini inayotandika ndani ya mishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoilegeza, na kadiri miaka inavyokwenda inaitoa kwa uchache. Mshipa mkuu wa aota nao unakuwa mgumu. Aota ya kijana hupokea damu kwa kutanuka kisha hujirudi taratibu, na kule kujirudi ndiko kunakosukuma damu kwenye mishipa ya moyo wakati moyo umelegea. Hili ni la kushika: upande wa kushoto wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake ukiwa umelegea, kwa sababu ukijikunja unaibana mishipa yake wenyewe. Aota ikiwa ngumu, presha ya juu inapanda na ya chini inashuka, na ile ya chini ndiyo inayoulisha moyo. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea nao unafupika.

Tusiutwishe umri mzigo wote, lakini. Vipimo vya watu wasio na ugonjwa wa moyo vinaonyesha uwezo wa kuongeza damu ya moyo ni takriban mara 4 kwa walio chini ya miaka 50, na karibu mara 3 kwa waliovuka hapo. Mara 3 inatosha kwa mengi. Kinachomaliza akiba ni umri ukiungana na presha isiyotibiwa, kisukari, sigara na upungufu wa damu. Mjomba akirudi kliniki, apimwe hayo yote hata kama nimonia imekwisha.

Kupanda kutoka bondeni Newala

Swali: Mwanangu daktari, nina miaka 68. Zamani nilikuwa nashuka bondeni kuchota maji na kupanda na dumu bila kupumzika. Sasa napanda mikono mitupu na nasimama mara tatu, natweta. Kifua hakiumi. Wenzangu wanasema ni hewa ya juu huku Makondeni. Nimepuliza salfa kwenye mikorosho miaka mingi. (Newala)

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Hewa ya Newala haina kosa. Uwanda wa Makonde haufiki mita 1,000 juu ya bahari, na kwa kimo hicho oksijeni haipungui kiasi cha kumsimamisha mtu mara tatu njiani.

Neno lililotushtua katika barua yako ni «kifua hakiumi». Kwa wazee wengi, hasa wenye kisukari, moyo unaokosa damu hauumi. Unajitangaza kwa kutweta, uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au kijasho chembamba. Na mwili wa mzee unachelewa kupiga kelele. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walilinganisha wanaume 8 wa miaka 22 hadi 30 na wengine 8 wa miaka 64 hadi 73, wote wazima, wakiwavutisha hewa yenye oksijeni haba. Pumzi na mapigo ya wazee havikuongezeka sana kama vya vijana. Kijana angekuwa anahema na moyo unadunda. Mzee ametulia, na watu wanadhani yu salama.

Kuna lingine. Kijana wa miaka 20 ana shinikizo la oksijeni kwenye damu la karibu milimita 95 za zebaki, mzee wa 70 karibu 80. Kwenye mashine ya kidoleni hutaona tofauti kubwa, wote watasoma zaidi ya 94. Lakini shinikizo likishuka chini ya 60, mahali mashine inaposoma 90, oksijeni ya damu huporomoka haraka. Ninyi wa Newala mnajua tofauti ya kutembea katikati ya uwanda na kutembea ukingoni mwa bonde. Mzee anatembea karibu na ukingo.

Fanya hivi. Azima mashine ya kidoleni na umchukue mjukuu awe nawe. Pima ukiwa umekaa dakika tano: oksijeni, na mapigo kwa kuyahesabu kwenye kifundo cha mkono sekunde 30 kisha uzidishe mara 2. Panda sehemu ndogo tu ya mlima, pale unapoanza kutweta usimame, pima tena hapohapo. Oksijeni ikishuka alama 4 au zaidi, tunaanza kuyatilia shaka mapafu, na hapo salfa inaingia kwenye hesabu, maana vumbi lake huchoma njia ya hewa na kuamsha pumu. Oksijeni isiposhuka na wewe unatweta, tunatazama moyo na wingi wa damu. Usifanye jaribio hili kama kutweta kumeanza ndani ya wiki mbili hizi au kunakujia hata ukiwa umekaa. Hapo nenda hospitali moja kwa moja.

Vipimo vya kuomba: presha mikono yote miwili, hemoglobini, sukari, picha ya kifua, umeme wa moyo na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ukiambiwa umeme wa moyo ni mzuri usifunge safari hapo. Mshipa wa moyo unaweza kubanwa zaidi ya nusu ya upana wake na mtu akiwa amelala asionyeshe dalili yoyote, kwa sababu damu ya mapumziko haipungui mpaka mshipa uzibe takriban asilimia 85. Kinachopungua mapema ni uwezo wa kuongeza, na uwezo huo unaonekana mtu akifanyishwa kazi. Waeleze umepanda wapi na umesimama mara ngapi. Maelezo hayo yana thamani kuliko karatasi ya mapumzikoni. Na pampu ya salfa mwachie kijana.

Mashine inasoma 91, mara 97

Swali: Tumemnunulia bibi mashine ya kupima oksijeni. Asubuhi 91, baada ya dakika moja 97, jioni haisomi kabisa. Ni mbovu? (Masasi)

Jibu: Huenda si mbovu. Mashine hii hupitisha mwanga kwenye kidole na kuangalia rangi ya damu inayodunda. Chochote kinachozuia mwanga au mdundo kinaivuruga. Kucha zenye rangi, na hasa piko jeusi, zinazuia mwanga. Bibi akitoka harusini mtafutieni kidole ambacho hakijapakwa, au mpime kidole cha mguu kikiwa na joto. Vidole vya baridi na mikono inayotetemeka hufanya namba irukeruke. Jua kali likipiga moja kwa moja, funika mkono kwa kanga.

Utaratibu: akae dakika tano, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kidole cha kati kiingie mpaka mwisho. Usisome namba ya kwanza. Subiri nusu dakika hadi dakika nzima itulie. Kisha linganisha mapigo yanayoonyeshwa na mashine na yale unayohesabu wewe kwenye kifundo. Yakipishana sana, namba ya oksijeni nayo usiiamini. Andika zote mbili kwenye daftari pamoja na saa.

Ngozi nyeusi inaweza kuifanya mashine isome juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa alama 2 au 3. Kwa hiyo 92 ya bibi inaweza kuwa 89. Sisi tunashauri hivi: 95 kwenda juu vizuri, 92 hadi 94 pima tena baada ya saa moja na utafute sababu, chini ya 92 apelekwe kituoni siku hiyo, chini ya 90 ni dharura. Jueni pia namba yake ya siku zote. Mwenye kawaida ya 97 akisoma 93 kwa siku mbili ameshuka, hata kama 93 peke yake haitishi.

Kama anatumia atenololi au bisoprololi za presha, mapigo yake hayatapanda kama ya mtu mwingine oksijeni ikishuka. Mapigo 72 kwa mgonjwa wa nimonia anayemeza atenololi hayamaanishi ametulia.

Mzamiaji wa pweza

Swali: Nazamia pweza tangu ujana, bila mtungi, miwani na mapezi tu. Bamvua likiisha nafuata kwenye kina. Sasa nina miaka 54. Siku hizi nikikaa chini kidogo kifua kinabana, nikitoka kinaachia. Kijana wangu anakaa zaidi yangu. Kuna namna ya kurudisha pumzi? (Kilwa)

Jibu: Kwanza acha kuzamia mpaka upimwe. Kifua kinachobana wakati wa kazi na kuachia ukipumzika ndiyo lugha ya kawaida kabisa ya mshipa wa moyo uliobanwa. Usisubiri hata bamvua lijalo.

Tunakueleza kwa nini kuzamia kunaudhi moyo kuliko kupanda ngazi. Uso ukiingia majini na pumzi ikiwa imezuiwa, mwili hupunguza mapigo na kubana mishipa ya mikono na miguu ili oksijeni iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Kwa kijana ni kinga nzuri. Lakini kubana mishipa kunapandisha presha, na kwa mtu mwenye mishipa migumu inapanda sana. Kwa hiyo moyo wako unasukuma mzigo mzito zaidi katika sekunde zilezile ambazo oksijeni inakwisha, na mishipa inayotakiwa kutanuka imebanwa. Hapo ndipo mapigo huanza kuruka, na mapigo yakivurugika ukiwa chini hakuna wa kukushika.

Jambo la pili mwambie na kijana wako. Wazamiaji wengi huhema harakaharaka mara kumi au ishirini kabla ya kushuka, wakidhani wanajaza oksijeni. Damu ilikuwa imeshajaa tangu mwanzo. Wanachofanya ni kutoa kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu «panda, pumzi imekwisha». Kengele ikinyamazishwa, anakaa chini akijisikia vizuri. Anapopanda, shinikizo la maji linapungua na oksijeni iliyobaki kwenye mapafu inapoteza nguvu yake, hivyo anazimia mita chache kabla ya kufika juu. Hilo linawaua vijana wenye mioyo mizima.

Kwa anayeruhusiwa kuzamia: wawe wawili, mmoja chini, mmoja juu akitazama, na aendelee kumtazama nusu dakika nzima baada ya mwenzake kuibuka. Pumua kawaida kabla ya kushuka. Ukikaa chini dakika moja, pumzika juu angalau dakika mbili. Usijifunge uzito usioweza kuuvua kwa mkono mmoja. Wanaotumia hewa ya kompresa waweke mdomo wa kuvutia hewa upande unakotoka upepo, mbali na moshi wa injini, kwa sababu tutakazozieleza kwenye barua ya Lindi hapo chini.

Kuhusu kurudisha pumzi, ya miaka 20 hairudi. Mapigo ya juu kabisa ya mtu hukadiriwa kwa kuchukua 208 na kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, kwa miaka 54 ni kama 170, na kwa kijana wa 22 ni karibu 193. Pweza wa bamvua, wa kuokota kwa mguu miambani, unaweza kuendelea naye baada ya daktari kukuona.

Oksijeni 98, bado anazimia

Swali: Mama mkubwa ana miaka 70, amepauka, akisimama anaona giza. Mashine ya oksijeni 98 lakini hemoglobini ni 6.8. Ipi tuamini? (Nachingwea)

Jibu: Zote mbili ni za kweli. Mashine inasema kila gari limejaa abiria. Hemoglobini inasema magari yamebaki chini ya nusu. Damu yake inabeba karibu mililita 9 za oksijeni kwa kila 100 badala ya 20, na moyo unalazimika kupitisha damu zaidi ya mara mbili ili upate uleule mlo wake. Binti wa miaka 20 aliyefikia hapo kidogokidogo anaweza hata kuja kliniki kwa miguu. Mama mkubwa ametumia akiba yake yote akiwa kitandani.

Apelekwe leo. Akiongezewa damu, kwa kawaida wazee hupewa chupa moja, wakapimwa upya, ndipo ikafikiriwa ya pili. Chupa huenda taratibu na kukamilika ndani ya saa 4, kwa sababu moyo mkongwe ukipokea maji mengi kwa haraka, mapafu hujaa. Muuguzi akisema anapunguza mwendo wa matone, msimharakishe. Ninyi kaeni mtazame: akianza kukohoa au kushindwa kulala chali, ita hapohapo.

Kisha itafutwe sababu. Minyoo ya safura, malaria ya kujirudia, na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kwa sababu ya kumeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Hiyo ya mwisho tunaikuta mara nyingi na wagonjwa hawaitaji, kwa kuwa hawaihesabu kuwa dawa.

Jiko chini ya kitanda

Swali: Binti yangu amejifungua, tukamwekea jiko la mkaa chini ya kitanda kama desturi, mlango umefungwa. Usiku yeye aliamka na kichwa kinauma. Bibi aliyelala naye alibanwa kifua hadi akapelekwa hospitali. Mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi. (Lindi mjini)

Jibu: Mkaa uliokolea ndio hatari, maana hautoi moshi wa kukuamsha. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sehemu ya damu inakuwa haibebi tena, na ile inayobeba inashikilia oksijeni yake isiiachie kwa urahisi. Binti alikuwa na mishipa inayotanuka, akaishia kichwa. Bibi hakuwa nayo. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyobanwa, hata asilimia chache za damu zikishikwa na gesi hii zinatosha kuleta maumivu ya kifua.

Mashine ya kidoleni haitawasaidia hapa. Haiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na yenye gesi hiyo, itasoma 98 mtu akiwa anakufa. Watoeni nje kwanza, na mtoto mchanga kabla ya wote, kisha hospitali wapewe oksijeni kwa barakoa. Hali ya kichanga hamkuitaja kwenye barua. Kama hajapimwa, mpelekeni leo. Mzazi apate joto kwa nguo, uji na maji ya moto. Jiko libaki uani.

Mtoto mchanga, moyo ulipiga polepole

Swali: Mmeandika huko nyuma kwamba oksijeni ikipungua mapigo hupanda. Mwanangu alizaliwa hakulia, na mkunga akasema moyo unapiga polepole. Iweje? (Liwale)

Jibu: Umri unahesabika na upande huo pia. Tumboni mtoto huishi kwa oksijeni ambayo ingemlaza mtu mzima hospitali. Hemoglobini yake ni ya aina nyingine, inashika oksijeni kwa nguvu zaidi, na msuli wa moyo wake unaweza kupata nguvu kutoka kwenye sukari bila oksijeni kwa muda mrefu kuliko wetu. Oksijeni ikipungua mno, badala ya kukimbia anapunguza mwendo ili asitumie. Ndiyo maana kwa kichanga mapigo ya polepole ni ishara ya kukosa hewa, na dawa yake ni hewa.

Mapigo ya kawaida ya mtoto aliyezaliwa ni kati ya 120 na 160. Mkunga humkausha, humsugua mgongo, na asipopumua humpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja ya kwanza. Chini ya 100 hewa inaendelea. Yakiwa bado chini ya 60 baada ya hewa kuingia vizuri kifuani, ndipo kifua hubonyezwa. Kosa linalopoteza watoto ni kumning'iniza kichwa chini na kumpiga makofi ya mgongo huku dakika zikienda. Mkunga wako kwa kuyataja mapigo ameonyesha anajua kazi.

Mzee wangu apande ndege?

Swali: Baba ana miaka 74, alipata mshtuko wa moyo mwaka jana, anatumia dawa. Ndege ya Mtwara hadi Dar es Salaam itamdhuru? (Shangani, Mtwara)

Jibu: Ndani ya ndege za abiria hewa huwa kama ya mlima wa hadi mita 2,400. Oksijeni ya mtu mzima inaweza kushuka alama chache, kwa baba labda mpaka 90 au 91, kwa safari isiyofika saa moja na nusu akiwa amekaa. Kama anatembea mita 100 kwa mwendo wa kawaida bila kutweta wala kifua kubana, na akiwa nyumbani anasoma 95 au zaidi, kwa kawaida husafiri salama. Dawa ziwe mfukoni, si kwenye begi la mizigo. Na mizigo yenyewe asibebe yeye. Watu hubanwa kifua uwanjani kuliko angani.

Mazoezi yanaongeza kitu?

Swali: Nina miaka 60, presha imetulia kwa dawa. Nikianza mazoezi sasa mishipa itarudi? (Mtama)

Jibu: Ugumu wa aota hautaondoka wote, ila ile ngozi ya ndani ya mishipa inaitikia. Kwa wazee wanaotembea kwa bidii inatoa naitriki oksaidi vizuri zaidi kuliko kwa wanaokaa. Anza dakika 10 kwa siku asubuhi kabla ya jua kali, mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30, siku 5 kwa wiki. Dakika 5 za mwanzo na za mwisho ziwe za polepole. Mishipa ya mzee inachelewa kufunguka, na anayeanza kwa kasi hubanwa ndani ya dakika ya pili. Kifua kikibana, simama, kaa. Kisipoachia ndani ya dakika 15, au jasho likikutoka na maumivu yakienda taya au mkono, tafuna aspirini miligramu 300 kama huna mzio nayo wala vidonda vinavyotoa damu, na upelekwe hospitali. Usijipeleke mwenyewe kwa bodaboda.

Mtungi wa oksijeni nyumbani

Swali: Watoto wa mjini wanataka kumnunulia baba mtungi wa oksijeni, awe anavuta kila jioni kuimarisha moyo. Ana miaka 77, mashine inasoma 96. (Mikindani)

Jibu: Fedha hiyo ingelipa vipimo vyake. Damu inayosoma 96 imeshajaa, na oksijeni ya ziada huifanya mishipa ya moyo ijibane kidogo, kinyume cha wanachokitaka. Nchini Sweden wagonjwa 6,629 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo, wote wakiwa na 90 au zaidi, waligawanywa: nusu wakapewa oksijeni, nusu wakaachwa na hewa ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya vifo haikutofautiana.

Oksijeni ni dawa ya aliyeshuka. Chini ya 90 humsaidia sana mzee, pengine kuliko kijana, kwa sababu inampunguzia moyo deni ambalo mishipa yake haiwezi kulilipa. Hospitali hulenga 94 hadi 98 kwa wengi, na 88 hadi 92 kwa wenye mapafu yaliyochakaa kwa sigara au moshi, maana hao wakijazwa sana hupunguza kupumua.

Daktari akimwandikia kutumia nyumbani, apewe kipimo cha lita kwa dakika na msikibadilishe kwa kuona anahema. Mtungi ufungwe ukutani usianguke. Pasiwe na jiko, mshumaa wala kiberiti ndani ya mita 3, na asijipake mafuta ya mgando puani. Tumieni jeli ya maji. Kanga na shuka alizotumia akiwa kwenye oksijeni zitandazwe nje kabla hajasogea jikoni, kwa sababu oksijeni hubaki ndani ya kitambaa na cheche moja inatosha.